UZI: Enigma ndani ya ATmega328P, tuijenge na kasoro zake zote

FUNDI ROTA (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Programu za maikrokontrola za kuiga Enigma, ile mashine ya kusimba ya jeshi la Ujerumani, ziko nyingi, na karibu zote zinapimwa kwa namna moja. Unaandika HABARI, zinatoka herufi zisizosomeka, unazirudisha kwenye mashine ileile, HABARI inarudi. Mtu anapiga picha, anaweka mtandaoni, kazi imekwisha. Naomba sisi tusiishie hapo, kwa sababu jaribio hilo halithibitishi kitu. Enigma ina rota, yaani magurudumu ya nyaya yanayobadilisha herufi, na reflekta, kipande cha mwisho kilichounganisha herufi 26 kwa jozi 13, ambacho huurudisha umeme ulikotoka kupitia rota zilezile. Hata ukizichanganya nyaya zote za rota, mradi kila herufi ipo mara moja na reflekta ni ya jozi, mashine itasimba na kujisimbua bila shida. Itakuwa mashine fulani ya kusimba, lakini si Enigma.

Kipimo ninachokitaka ni kwamba mashine yetu ifungue ujumbe uliotumwa kweli na jeshi la Ujerumani mwezi Julai 1941. Ikishaufungua tutaipa kazi ya pili, ile iliyowachukua Wapolandi zaidi ya mwaka mmoja kuifanya kwa mkono kabla ya vita.

Vifaa: Arduino Nano, au chipu tupu ya ATmega328P. Ina flashi ya KB 32, kumbukumbu ya kazi ya KB 2, na inakwenda megahezi 16. Inatosha na kubaki.

Historia kwa ufupi tu, maana wengi mnaijua. Arthur Scherbius, mhandisi wa Kijerumani, aliomba hataza ya mashine ya rota mwaka 1918. Kwanza iliuzwa kwa kampuni na mabenki, baadaye jeshi likaichukua na kuiongezea ubao wa plagi upande wa mbele, ambapo nyaya hubadilishanisha herufi mbili mbili. Toleo tunaloliiga ni Enigma I ya jeshi la nchi kavu: rota tatu ndani ya mashine, zilizochaguliwa kati ya tano. Hadi Desemba 1938 zilikuwa tatu tu kwa jumla, halafu ikaongezwa ya IV na ya V.

Nyaya ni hizi. Herufi ya mwisho ni ile inayosomeka dirishani pale rota inapokuwa tayari kuisukuma jirani yake:

I EKMFLGDQVZNTOWYHXUSPAIBRCJ, Q
II AJDKSIRUXBLHWTMCQGZNPYFVOE, E
III BDFHJLCPRTXVZNYEIWGAKMUSQO, V
IV ESOVPZJAYQUIRHXLNFTGKDCMWB, J
V VZBRGITYUPSDNHLXAWMJQOFECK, Z
Reflekta B: YRUHQSLDPXNGOKMIEBFZCWVJAT

Sasa tufuate umeme kwa kidole, herufi moja tu. Rota I iko kushoto, II kati, III kulia, reflekta B, pete zote (nitazieleza mbele) kwenye A, dirishani AAA, ubao wa plagi mtupu. Unabonyeza A. Kabla umeme haujapita, rota ya kulia inasogea na dirisha linasomeka AAB. Hili ni la kwanza ambalo programu nyingi hulikosa: kitufe husogeza kwanza, ndipo mguso wa umeme hufungwa.

Umeme unaingia rota III mahali pa A, lakini rota imesogea hatua moja, kwa hiyo unakutana na waya wa B. Waya wa B unaelekea D. Toa hatua moja, unatokea mahali pa C. Rota II iko A, inageuza C kuwa D. Rota I inageuza D kuwa F. Reflekta inageuza F kuwa S. Njia ya kurudi: rota I inaipokea S na kuitoa ikiwa S vilevile, maana waya wake wa S umekwenda S. Rota II inarudisha S kuwa E. Rota III, tukiongeza hatua moja na kuitoa tena, inarudisha E kuwa B. Taa ya B inawaka.

Tazameni pale S ilipobaki S. Rota inaruhusiwa kuiacha herufi kama ilivyo. Reflekta hairuhusiwi, maana ni jozi tupu, na waya hauwezi kurudi katika tundu ulilotokea. Ndiyo maana Enigma nzima haiwezi kamwe kuigeuza A kuwa A. Kwa mtumiaji ilikuwa raha: ufunguo mmoja wa kusimba na kusimbua, bila swichi ya kubadili. Kwa adui ilikuwa zawadi.

Endelea kubonyeza A hadi tano. Utapata BDZGO. Usipopata BDZGO usiende mbele.

Kupita kwenye rota kwa kwenda ni mistari michache:

```
uint8_t pita(uint8_t h, const char *waya, uint8_t sogeo) {
  h += sogeo;
  if (h >= 26) h -= 26;
  h = pgm_read_byte(waya + h) - 'A';
  h += 26 - sogeo;
  if (h >= 26) h -= 26;
  return h;
}
```

Nimeepuka alama ya asilimia kwa makusudi. Chipu hii haina maunzi ya kugawanya, kila mgawanyo hufanywa na programu kwa mizunguko mingi, na huku tunakokwenda mizunguko itakuwa na thamani.

Nakuja na mwendo wa rota.

FUNDI ROTA

Mwendo ndio roho ya kazi hii, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Wengi huandika mwendo kama mita ya maji: ya kulia ikizunguka mara moja, ya kati inasogea moja, ya kati ikizunguka, ya kushoto inasogea. Enigma haiendi hivyo. Ndani yake kuna vidole vitatu vya chuma, na kila unapobonyeza kitufe vyote vitatu vinasukuma mbele kwa pamoja. Kidole cha kulia kinakamata meno ya rota ya kulia kila mara. Kidole cha kati kimekaa mpakani: nusu yake iko juu ya pete ya rota ya kulia, nusu juu ya meno ya rota ya kati. Pete ikiwa nzima, inakiinua kidole na hakigusi meno. Pengo la pete likifika chini yake, kidole kinazama na kusukuma vyote viwili, pengo la rota ya kulia na meno ya rota ya kati. Rota ya kulia ingesogea tu, kwa hiyo huoni tofauti.

Kidole cha kushoto kimekaa vivyo hivyo kati ya rota ya kati na ya kushoto. Kikizama kwenye pengo la rota ya kati, kinasukuma rota ya kushoto na rota ya kati pia. Hapa tofauti inaonekana, kwa sababu rota ya kati ilikuwa imekwisha kusogea katika kitufe kilichotangulia. Inasogea mara mbili mfululizo.

```
void sogeza() {
  if (nafasi[KATI] == pengo[KATI]) {
    songa(KUSHOTO);
    songa(KATI);
  } else if (nafasi[KULIA] == pengo[KULIA]) {
    songa(KATI);
  }
  songa(KULIA);
}
```

Jaribio: rota III kushoto, II kati, I kulia, anza KDO. Dirisha lisome KDP, KDQ, KER, LFS, LFT. Ukiona KER ikifuatiwa na KES, umejenga mita ya maji.

Kwa ajili ya hatua hiyo ya ziada, rota ya kati hupita sehemu moja haraka mno, na mzunguko mzima wa mashine unakuwa 26 × 25 × 26, yaani hatua 16,900 badala ya 17,576. Nimeona watu wakiandika kwenye programu zao kwamba wamelirekebisha tatizo hilo. Nasema kwa heshima: msirekebishe. Mashine iliyorekebishwa haitasoma ujumbe wa mtu yeyote aliyewahi kuishi.

Pete nayo. Kwenye rota za jeshi, herufi na pengo viko juu ya pete, na pete inaweza kuzungushwa kulizunguka tumbo lenye nyaya. Kwa hiyo pengo hufuata herufi ya dirishani, halifuati nyaya. Katika programu: mwendo unaangalia nafasi peke yake, na nyaya zinatumia nafasi kutoa pete. Jaribio: mpangilio uleule wa BDZGO, ila pete zote tatu ziwe B. Bonyeza A mara tano, utapata EWTYX.

VUMBI LA SOLDA

Mkuu shukrani kwa uzi. Mimi nina ATtiny85 kadhaa zimelala tu. Kumbukumbu yake ni baiti 512. Itaingia kweli? Nikiweka rota zote nane, za jeshi la majini pia, naona kila kitu kinakwama.

FUNDI ROTA

Inaingia, kaka. Kinachokukwamisha nadhani ni majedwali. Piga hesabu: rota nane mara 26 ni baiti 208. Ukiweka na majedwali ya kurudi, ni 416. Reflekta B na C, 52. Jumla 468 kati ya 512, na bado hujaweka mrundiko wa programu. Chipu hizi zina njia mbili tofauti, ya programu na ya data. Jedwali la kawaida, hata ukiliandikia kuwa halibadiliki, hunakiliwa kwenye kumbukumbu ya kazi pale chipu inapowaka. Liandikie PROGMEM na ulisome kwa pgm_read_byte, litabaki kwenye flashi, na wewe kwenye ATtiny85 una flashi ya KB 8.

Jedwali la kurudi unaweza hata kuliacha: tafuta herufi kwenye jedwali la kwenda mpaka uipate. Kwa binadamu anayebonyeza kwa vidole hakuna kitakachochelewa. Mimi nimeyaweka kwa sababu ya ile kazi ya pili.

Rota VI, VII na VIII za majini zina mapengo mawili, Z na M, kwa hiyo ulinganishaji wako uruhusu pengo zaidi ya moja. Ukitaka M4, Enigma ya rota nne iliyoanza kwenye nyambizi tarehe 1 Februari 1942, rota ya nne haisogei kabisa wakati wa kusimba. Usiipe kidole.

ATtiny85 itakubana kwenye pini. Ukiacha ile ya kuanzisha upya unabaki na tano. Iunganishe na kompyuta tu, sahau vitufe na taa.

MAMA KAPASITA

Hapo kwenye pini ndipo nilipotaka kuuliza. Vitufe 26 na taa 26 ni nyaya 52, na Nano ina pini 20 za kidijitali. Umeonyesha programu safi lakini nataka kuona mkono wa fundi. Na tafadhali usiniambie kioo cha OLED kinatosha. Enigma bila taa si Enigma.

FUNDI ROTA

Dada, tuko pamoja kabisa juu ya taa. Mjerumani mmoja alibonyeza, mwingine aliandika taa iliyowaka. Kazi nzima ya kibanda cha redio ilikuwa hiyo.

Taa zinatumia pini sita tu. Ukiwa na pini sita, ukaweka LED mbili zilizogeuziana kati ya kila pini mbili, unapata 6 × 5, yaani LED 30. Pini moja unaiweka juu, moja chini, nne zilizobaki unazigeuza kuwa za kuingiza ili zisiguse chochote. Mtindo huu una udhaifu: huwezi kuwasha taa nyingi kwa wakati mmoja bila kuzipokeza haraka haraka, na mwanga unafifia. Lakini Enigma huwasha taa moja tu, siku zote. Ni kama ulibuniwa kwa ajili yake. Weka rezista ya omu 150 kwenye kila pini. Mkondo hupita mbili, jumla 300, na kwa LED nyekundu unapata kama miliampia 10.

Vitufe: safu 6 kwa mistari 5 hukupa nafasi 30. Safu sita naziendesha kwa chipu ya 74HC595, ambayo inahitaji pini tatu tu za Nano. Mistari mitano inarudi moja kwa moja kwenye Nano ikiwa na rezista za ndani za kuvuta juu. Jumla ya vitufe: pini nane. Taa sita, kioo kidogo cha kuonyesha herufi tatu za dirisha pini mbili. Kumi na sita. Unabakiwa na mbili za siriali na mbili za akiba.

Jambo moja usiliruke: weka dayodi ya 1N4148 kwenye kila safu inapotoka 595. Mtu akibonyeza vitufe viwili vya mstari mmoja kwa pamoja, safu iliyo juu na iliyo chini zinagusana kupitia vitufe, na 595 inajipiga shoti yenyewe.

Vitufe vipange kama vya asili: QWERTZUIO, ASDFGHJK, PYXCVBNML. Taa ipangwe vivyo hivyo juu yake. Na taa iwake kadiri kitufe kinavyoshikiliwa, izime kikiachwa. Programu nyingi huweka nusu sekunde halafu zinazima. Ukishika kitufe, mguso umefunga, umeme unapita: taa haina sababu ya kuzima.

Kitufe cha bei ndogo huruka-ruka kinapobonyezwa, na kila mruko hapa ni rota iliyosogea. Hatua moja ya ziada na ujumbe wote unaofuata umeharibika. Kwa hiyo kubali kitufe baada ya kukisoma kimetulia milisekunde 20.

MAMA KAPASITA

Nimeiunga kwenye bredibodi kwanza. KDO imetoka sawasawa, BDZGO sawasawa, EWTYX sawasawa. Sasa lete huo ujumbe wa 1941.

FUNDI ROTA

Hongera sana. Huu hapa mpangilio wa tarehe 7 Julai 1941, wiki chache baada ya Ujerumani kuivamia Urusi ya Kisovieti:

Rota II kushoto, IV kati, V kulia. Reflekta B. Pete B, U, L. Plagi AV BS CG DL FU HZ IN KM OW RX. Dirisha BLA.

Mwanzo wa ujumbe: EDPUD NRGYS ZRCXN UYTPO

Plagi hubadilisha herufi mara mbili, inapotoka kwenye kitufe na kabla ya kufika kwenye taa. Msisahau mara ya pili.

MAMA KAPASITA

AUFKL XABTE ILUNG XVONX

Nimeisoma mara mbili kabla ya kuandika hapa. Aufklärungsabteilung, kikosi cha upelelezi, kwa kifupi! Na X katikati.

FUNDI ROTA

Ndiyo hiyo. Sasa una Enigma, dada, na haina shaka.

X ilikuwa nukta yao na alama ya kutenganisha, na CH waliiandika Q ili kuokoa herufi. Mashine haina nafasi, haina namba, haina alama yoyote zaidi ya herufi 26.

Hapa Kiswahili kinatufaa kweli. Q na X hatuzitumii, kwa hiyo X inakuwa nukta na Q inakuwa nafasi bila kugongana na neno lolote. C peke yake hatuna, ipo katika CH tu, basi andika C na H ijulikane. CHAKULA inakuwa CAKULA, na anayesoma hapotei. Namba andika kwa maneno.

Lakini jihadharini na salamu. Kiswahili chetu hupenda kufungua barua kwa namna ileile, na Enigma huadhibiwa na mazoea kuliko na kitu kingine chochote. Chukua ujumbe uliosimbwa, uwekee chini yake HABARIZAASUBUHI, herufi 15. Telezesha hatua moja moja. Popote herufi ya juu ikifanana na ya chini, mahali hapo haiwezekani, pafute. Kwa herufi 15 unafuta kama asilimia 44 ya nafasi zote kwa penseli tu, bila kujua ufunguo hata kidogo. Kwa herufi 30 unafuta karibu asilimia 69. Hiyo ndiyo bei ya reflekta.

MWL. HESABU

Nafundisha kidato cha sita na ningependa kuutumia uzi huu darasani, kwa ruhusa yako. Swali langu ni la idadi. Vijana wangu wakisikia kwamba funguo za Enigma ni 158,962,555,217,826,360,000, wanahitimisha kwamba haikuvunjika kwa hesabu, ilivunjika kwa wizi wa nyaraka. Nawajibuje?

FUNDI ROTA

Mwalimu, ruhusa unayo na ni furaha kwangu.

Waanze kwa kuigawa namba hiyo. Kuchagua rota tatu kati ya tano kwa mpangilio: 60. Nafasi za dirisha: 17,576. Zidisha, ni 1,054,560. Kilichobaki chote, 150,738,274,937,250, ni plagi kumi peke yake.

Sasa milioni moja ile. Chukulia herufi moja inatumia mizunguko 400 ya chipu, yaani maikrosekunde 25 kwa megahezi 16. Ukijua neno lililomo kwenye ujumbe, nafasi nyingi zinaanguka kwenye herufi ya kwanza. Bila plagi, na pete zikijulikana, Nano inazipitia zote kwa chini ya nusu dakika. Chipu ya bei ya soda.

Kwa hiyo ukubwa wote umo kwenye plagi, na plagi ndiyo sehemu isiyosogea. Hilo ndilo waliloliona Alan Turing na Gordon Welchman pale Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kuvunja misimbo. Hawakujaribu plagi moja moja. Walichukua neno linalokisiwa, wakatafuta herufi zinazorudiana kati ya neno na ujumbe mpaka zikafanya kitanzi, kisha wakasema: tuseme A imechomekwa na P. Hilo linalazimisha jambo fulani kwenye herufi inayofuata, na hilo linalazimisha lingine, hadi kitanzi kirudi kwa A. Kikirudi na kusema A imechomekwa na T, dhana imeanguka, na pamoja nayo mabilioni ya mipangilio ya plagi iliyokuwa na AP ndani yake. Mashine ya kuifanya kazi hiyo iliitwa bombe. Ya kwanza, iliyojengwa na kampuni ya British Tabulating Machine chini ya Harold Keen, ilianza kazi Machi 1940. Wazo la Welchman, kwamba A ikiwa na P basi P lazima iwe na A, liliingizwa kwenye bombe za Agosti mwaka huohuo na kuziongezea nguvu mno.

Nyaraka za wizi zilikuwepo. Mjerumani Hans-Thilo Schmidt aliwauzia Wafaransa maelekezo na funguo za miezi kadhaa, na Wafaransa wakawapa Wapolandi. Lakini ndani yake hamkuwa na nyaya za rota. Nyaya hizo alizipata Marian Rejewski, mwanahisabati wa Kipolandi, mwaka 1932 kwa kutatua milinganyo ya ubadilishanaji (kila herufi inakwenda kwenye herufi gani), akiwa na karatasi mezani. Sehemu moja ilimkwamisha: kibodi imeunganishwaje na mlango wa rota? Mashine ya biashara ilifuata mpangilio wa QWERTZU. Akakisia kwamba jeshi limeunganisha kwa alfabeti tu, A kwa A, B kwa B. Ikawa hivyo. Waingereza hawakuliamini jambo rahisi kiasi hicho mpaka walipoambiwa kwenye mkutano wa Pyry, karibu na Warszawa, Julai 1939.

Ndiyo maana katika programu yetu mlango ni herufi kutoa 'A', basi. Mstari huo mfupi kuliko yote ndio uliomtesa Dilly Knox, mvunja misimbo wa Waingereza.

KIJANA WA KILINDINI

Maalim, nimesoma uzi wote nikiwa hapahapa Mombasa. Babu zetu husema wakati wa vita Kilindini palikuwa na Waingereza wakisikiliza redio usiku na mchana. Je, walikuwa kwenye Enigma?

FUNDI ROTA

Ahsante kwa kulitaja hilo, ndugu. Walikuwepo, ila hawakuwa kwenye Enigma. Ofisi ya Waingereza ya kuvunja misimbo ya Japani ilihamishwa kutoka Colombo mwaka 1942, baada ya ndege za Japani kuushambulia mji huo mwezi wa Aprili, ikaja kukaa katika shule ya Allidina Visram, Mombasa. Kazi yao ilikuwa mawasiliano ya Kijapani, na wakiwa hapo waliuvunja msimbo wa meli za mizigo uitwao JN-40. Mwaka 1943 walirudi Colombo. Kwa hiyo anayepita pale anapita kwenye moja ya vituo vya kuvunja misimbo vya vita vile, na wanafunzi wa shule hiyo wangestahili kufundishwa jambo hili kwa kirefu.

FUNDI ROTA

Sasa kazi ya pili niliyoahidi.

Hadi tarehe 15 Septemba 1938, kila mwendeshaji wa jeshi la Ujerumani aliweka rota kwenye nafasi moja ya siku, iliyokuwa ileile kwa wote. Kisha alichagua herufi tatu zake mwenyewe na kuzisimba mara mbili. Herufi sita za kwanza za kila ujumbe ndizo hizo. Herufi ya kwanza na ya nne zilitoka kwenye herufi moja, ya pili na ya tano vilevile, ya tatu na ya sita. Waliirudia ili redio ikikwaruza mtu asipotee. Rejewski aliuona mlango hapo.

Ukikusanya ujumbe wa kutosha wa siku moja, unajua kila herufi ya kwanza inakwenda kwenye herufi gani ya nne. Fuata mnyororo: A inakwenda F, F inakwenda R, R inarudi A. Huo ni mzunguko wa urefu wa 3. Andika urefu wa mizunguko yote. Plagi hubadilisha majina ya herufi ndani ya mizunguko, lakini urefu wa mizunguko haubadiliki. Ubao wote wa plagi, zile trilioni 150, unatoweka kwenye hesabu! Kinachobaki ni mipangilio 6 ya rota tatu mara nafasi 17,576, yaani 105,456. Wapolandi walijenga kifaa walichokiita saiklometa, wakapima kila nafasi na kuiandika kwenye kadi. Rejewski na wenzake Jerzy Różycki na Henryk Zygalski walitumia katalogi hiyo kupata funguo za siku kwa dakika 10 hadi 20. Novemba 1937 Wajerumani walibadili reflekta A kuwa B, ikabidi kadi zote zianzwe upya.

Nano inaweza kuiandika katalogi nzima. Kila nafasi inataka ubadilishanaji sita wa herufi 26, yaani kusimba mara 156. Kwa maikrosekunde 25, ni milisekunde 3.9. Mara 105,456, ni kama dakika 7. Kumbukumbu ya KB 2 haiwezi kuyabeba majibu, kwa hiyo kila mstari utume kwa siriali kwenda kwenye kompyuta. Kwa kasi ya 115,200 uandishi wenyewe utaongeza dakika nyingine kadhaa.

Mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, kwa kazi hii peke yake, zuia rota ya kati isisogee ndani ya herufi sita. Wapolandi walifanya hivyo, maana bila kujua pete huwezi kujua lini itasogea, na siku ambazo ilisogea ni karibu moja katika tano. Pili, ukitaka katalogi ya kwanza tumia reflekta A: EJMZALYXVBWFCRQUONTSPIKHGD. Ukitaka ile ya baada ya Novemba 1937, tumia B. Tatu, plagi ziwe tupu, hazina kazi hapa.

MWL. HESABU

Hapa nimepata somo la wiki nzima. Vijana watauliza mizunguko inatoka vipi, kwa mfano urefu wa 10 na 3 tu hauwezi kuwa, maana lazima jumla iwe 26?

FUNDI ROTA

Hapohapo, mwalimu. 10 na 3 haiwezi, lakini 10, 10, 3, 3 inawezekana. Ukizidisha mabadilishano mawili yaliyo jozi tupu, kila urefu wa mzunguko lazima uonekane idadi shufwa ya mara. Rejewski aliithibitisha nadharia hiyo na ndiyo iliyombeba. Kwa hiyo kwenye kadi inatosha kuandika nusu.

Na inatufaa sisi kama kipimo. Kabla ya kuliamini faili lako, pitisha ukaguzi kwenye mistari yote 105,456. Ukikuta hata mmoja wenye mzunguko wa urefu wa 7 usio na mwenzake, umeme wako haurudi kwa njia uliyokwenda nayo: kagua majedwali ya kurudi, rota moja baada ya nyingine. Ikiwa mizunguko yote ina wenzake, lakini kadi zako hazifanani na za Mama Kapasita, tatizo liko kwenye herufi za rota zenyewe, na BDZGO itakuambia. Nitaweka faili langu la reflekta B hapa likimaliza kutoka, nanyi wekeni yenu tulinganishe mstari kwa mstari.